Barua ya wazi: Binti yangu anabadili dini katikati ya ziwa

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia mahakama zinazosikiliza mashauri ya ndoa na watoto, Mwanza na wilaya za kando ya Ziwa

Nakala: Maofisa Ustawi wa Jamii, Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa

Kirumba, Mwanza
Novemba 2025

YAH: MAHAKAMA KUKAA KIMYA KUHUSU DINI YA MTOTO INAPOTOA AMRI YA MALEZI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza dagaa soko la Mwaloni. Jina langu sitaliandika hapa, wala la mahakama iliyosikiliza shauri letu, wala la hakimu. Si kwa woga. Langu likijulikana, la binti yangu nalo limejulikana, na yeye yuko darasa la sita, na wenzake wanashika simu za wazazi wao.

Tulifunga ndoa bomani mwaka 2012. Mwenzangu Mwislamu, mimi Mkatoliki. Ndugu wa pande zote walinuna, kisha wakala pilau. Mbele ya wazee, nyumbani kwa baba mkwe, tulikubaliana kwamba watoto Ijumaa wataenda na baba, Jumapili wataenda na mimi, na asitiwe mtu upande wowote mpaka amalize darasa la saba aseme mwenyewe. Hatukuandika popote. Nani huandika mambo hayo siku ya kwanza?

Mwaka 2022 ndoa ilivunjwa. Nilihudhuria tarehe kumi na moja, na karibu zote ziliangukia kwenye giza, zile siku ambazo mwezi haupo na dagaa wanavuliwa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wamelala, mimi ndiyo nina nafasi, lakini shauri linakuwa halijapangwa. Hilo silaumu, mahakama haina kalenda ya dagaa. Hukumu ina kurasa kumi na nne na ninayo hapa mezani. Kiwanja cha Buhongwa kimepewa kurasa tatu. Mashine ya mtumbwi imetajwa mpaka namba iliyogongwa ubavuni. Binti, aliyekuwa na miaka tisa, akakabidhiwa kwa baba yake Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Mdogo wake wa miaka minne akabaki kwangu. Likizo wanatembeleana. Kuhusu dini yao, hamna hata mstari mmoja.

Ngoja niwaeleze nilichokiona Juni mwaka huu.

Binti alikuja likizo na shangazi yake kwa kivuko cha Kamanga. Daraja la Kigongo–Busisi lipo sasa, lakini shangazi anapenda kivuko kwa sababu kinamshusha mjini. Nilikuwa nimesimama pale wanaposhukia, kati ya bodaboda na akina mama wa ndizi. Akashuka kichwa wazi. Nywele zilikuwa zimelala kama za mtu aliyevua kitu sasa hivi, na chini ya kidevu palikuwa na alama ndogo nyekundu ya pini. Nilimkumbatia, moyoni nikasema, ahaa, bado ni wangu.

Usiku, watoto wamelala, wifi yangu akaniambia polepole: "Wifi, huyu mtoto anavua ushungi tukifika katikati ya ziwa. Anaukunja mara nne, anauweka chini kabisa kwenye begi. Tukirudi anauvaa palepale. Mimi sijamwambia. Wala kaka hajamwambia."

Nilikosa la kujibu. Nimekaa na maneno yale miezi mitano. Hakuna aliyemwamuru mtoto yule avue. Amejifunza mwenyewe kwamba ziwa lina pande mbili, na kila upande una mtu wa kumwogopa. Wa upande huu ni mimi. Ile furaha niliyoipata pale kivukoni ndiyo inayonitia aibu mpaka leo, na ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Maana mimi si malaika. Pasaka ya 2023 nilimbatiza mdogo wake bila kumwambia baba yao. Nilikuwa nimesikia dada mtu kapewa jina jipya na kahamishiwa shule ya bweni ya Kiislamu. Nikasema, basi, na mimi nina wangu. Hakuna amri niliyoivunja. Wala yeye hakuivunja yoyote. Sasa kijana ana miaka saba, na mwezi uliopita aliniuliza huku anachambua dagaa: "Mama, dada ataenda motoni?" Sikumuuliza nani kamwambia. Niliogopa jibu lisije likawa ni mwalimu wa mafundisho wa parokiani kwetu.

Kabla ya kuja hadharani nilipita milango yote. Niliiandikia mahakama iliyotoa hukumu mara mbili. Karani aliniambia kwa mdomo nikate rufaa. Nilikwenda ofisi moja ya ustawi wa jamii, nikaambiwa mambo ya dini si yao. Nilirudi kwenye baraza la usuluhishi lililotusikiliza mwanzo, wakasema ndoa imeshavunjwa, wasuluhishe nini? Viongozi wa dini wa pande zote walinipokea vizuri, wakanipa chai, na kila mmoja akaniambia nimlete mtoto. Kila mmoja kwake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Dini iliingia mahakamani kama fimbo, ikatoka bila kuwa amri.

Wakili wa upande wa pili aliniuliza mara ya mwisho nimeshiriki jumuiya lini. Mimi, ambaye sikuwa na wakili, nikamuuliza mwenzangu kama ni kweli alionekana na bia mchana wa Ramadhani. Hakimu aliandika yote hayo. Kwa hiyo mtu asiniambie mahakama haigusi dini. Iliigusa ilipokuwa inatafuta nani mzazi mbaya. Ilipofika kwenye namna watoto watakavyoishi kesho, ndipo ikaona haya.

Na sheria haikuwa kimya. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu alinionesha kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Alinitafsiria nyuma ya kitabu changu cha risiti. Kinasema amri ya malezi inaweza kuwekewa masharti kuhusu mahali mtoto atakapoishi, namna atakavyosomeshwa, na dini atakayolelewa. Neno dini limo, limeandikwa tangu 1971, kabla sijazaliwa. Na kifungu hichohicho kinasema aliyekabidhiwa mtoto ndiye anayeamua mambo yote ya malezi na elimu yake, isipokuwa pale masharti ya mahakama yanapomfunga.

Naomba msome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kama nilivyoisoma mimi. Maana yake ni kwamba mahakama isipoweka sharti, haijakaa katikati ya wazazi. Aliyepewa mtoto amepewa na dini ya mtoto. Baba alipewa dini ya binti, mimi nikapewa dini ya mvulana, na wala hakuna aliyetutamkia. Tuligundua wenyewe, kila mtu kwa wakati wake.

2. Watoto waligawanywa bila kupewa sababu.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, haiilazimishi mahakama kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja. Inataka kila mmoja aangaliwe peke yake. Sawa. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 39, inataja kuwa ni vyema ndugu wakae pamoja. Hizi mbili zikipishana, hakimu anapima, na akishapima anatuandikia kwa nini. Kwetu hakuna kilichoandikwa. Ningeelewa hata kama sababu isingenifurahisha. Matokeo yake leo nina watoto wawili wa tumbo moja ambao mmoja anauliza nyama kachinja nani, na mwingine anafanya ishara ya msalaba kwa makusudi kumkera dada yake.

3. Mtoto aliulizwa mahali pasipofaa.

Aliitwa mbele, baba kulia, mama kushoto, watu wa mashauri mengine kwenye mabenchi. Akaulizwa: "Wewe unasali wapi?" Alikuwa amevaa sare ya shule na soksi moja imeshuka. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akatazama soksi. Akasema: "Popote." Watu wakacheka. Ikaandikwa kwamba mtoto hana msimamo.

Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa jibu lenye akili kuliko yote yaliyotolewa chumbani siku ile. Lakini Sheria ya Mtoto, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa, na kifungu cha 39 kinataka maoni yake yazingatiwe yakiwa yametolewa kwa uhuru. Uhuru gani, akiwa amesimama katikati yetu kama kamba? Sheria ya Ndoa nayo inaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi au uzoefu wa ustawi wa watoto. Ofisa alikuja kwangu, nashukuru. Alihesabu magodoro, akakagua chandarua, akauliza maji tunachota wapi. Hakumuuliza mtoto kitu, wala hakukaa naye peke yake hata dakika kumi.

4. Hadithi ya miaka saba.

Hili ndilo la haraka. Mvulana ametimiza saba Agosti. Wiki moja baadaye nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa mzee wa upande wa pili: "Saba imetimia, tunakuja kuchukua mtoto wetu." Huku kwetu wengi wanaamini hivyo, kwamba mtoto chini ya saba ni wa mama, akivuka ni wa baba, hasa kama ng'ombe za mahari zilitoka. Na kwangu zilitoka, sikatai.

Sheria ya Ndoa haisemi hivyo. Inasema inachukuliwa kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi siku ya kuzaliwa ya saba ni siku ya kuhama. Palepale inaonya juu ya kuyumbisha maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Mila za jamii zinaangaliwa, ndiyo, lakini zinakaa chini ya ustawi wa mtoto. Hukumu yetu haikueleza lolote kati ya haya, ikasema tu mtoto "bado mdogo". Wenzangu wakasoma humo kwamba akikua kidogo, anahama. Sasa akivuka ziwa na jina lake la ubatizo, atalivulia wapi? Naye katikati, karibu na dada yake?

5. Fomu ya shule. Kuna nafasi ya kujaza dini. Kipindi cha dini kikifika, watoto wanagawanyika vyumba viwili. Kabla ya kuhamishwa, binti yangu alikuwa anabaki barazani mpaka kengele igongwe, kwa kuwa mwalimu alishindwa amweke wapi. Mwalimu hana kosa. Alihitaji karatasi, na karatasi haikuwepo.

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu mengi nimeshajibiwa.

Mtaniambia nchi haina dini, na Katiba imesema hivyo kwenye ibara ya 3. Na ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Nakubali, na ningeogopa hakimu ambaye angepima dini ipi bora kwa mtoto. Siombi hilo. Siombi mahakama iliambie kanisa au msikiti la kufanya. Naomba iwaambie wazazi wawili, ambao walikuja wenyewe mbele yake, mipaka yao ni ipi. Ibara hiyohiyo ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na mtoto naye ni mtu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unawapa wazazi kazi ya kumwongoza mtoto kwa kadiri anavyokua na kufahamu. Unasema wazazi. Hausemi aliyeshinda kesi.

Mtaniambia ningekata rufaa. Siku za rufaa kwenye shauri la ndoa ni arobaini na tano. Jina la binti lilibadilishwa mwezi wa tano baada ya hukumu. Siku ya arobaini na tano ningelalamikia nini, wakati dini haikutajwa popote? Unakataje rufaa dhidi ya kitu ambacho hakikuandikwa? Ni kweli sheria inaruhusu amri ya malezi kubadilishwa hali ikibadilika, na huenda nitarudi kwa njia hiyo. Lakini hiyo ni kesi mpya, nauli mpya, tarehe kumi na moja nyingine kwenye giza. Ilihitaji aya moja tu mwaka 2022.

Mtaniambia mtoto ataamua akikua. Hayo ndiyo tuliyokubaliana sisi wazazi, na tuliyasema mahakamani, wote wawili, kwa kiapo. Ni jambo pekee ambalo hatukubishana. Yangeandikwa tu.

Mtaniambia amri ya namna hiyo haiwezi kusimamiwa, nani atakwenda kuchungulia mtoto kavaa nini? Mbona amri za matunzo zinasimamiwa, na za kumtembelea mtoto? Hazisimamiwi vizuri, najua, nimesubiri matunzo miezi mingapi. Lakini zipo, na mtu akizivunja anajua amezivunja. Mimi siku ile ya Pasaka ningekuwa na karatasi inayonikataza, nisingekwenda. Nawaambia hivyo kwa dhati.

Ninaloomba, waheshimiwa, ni hili. Wazazi wa dini tofauti wanapofika kwenu, waulizeni mapema na kwa maandishi walikubaliana nini kuhusu watoto, na kama makubaliano yapo na hayamdhuru mtoto, yaingizeni kwenye amri neno kwa neno. Kama hayapo, tumieni kifungu cha 126: pasifanyike ibada ya kumwingiza mtoto dini, wala kubadili jina lake, wala kumhamishia shule ya dini, bila ridhaa ya mzazi wa pili au ruhusa ya mahakama. Semeni sikukuu ipi anakuwa wapi. Tunagombana zaidi kwa Idi na Krismasi kuliko kwa kiwanja cha Buhongwa.

Mtoto asikilizwe chemba, na mtu wa ustawi awe pembeni, wazazi wakiwa nje, nje kabisa, si mlangoni. Asiulizwe anasali wapi. Aulizwe maisha yake yakoje. Na maofisa ustawi wapewe maelekezo kwamba dini ya nyumbani ni sehemu ya taarifa yao kama ilivyo chandarua.

Mnapowatenganisha ndugu, andikeni sababu. Mnapotaja umri wa miaka saba, andikeni maana yake kwa Kiswahili ambacho mzee wa ukoo atakielewa. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, basi kitusaidie hapo. Na hayo ya nani kahudhuria misa au nani kaswali yasipokelewe kama kipimo cha uzazi, labda pawe na madhara kwa mtoto yanayooneshwa kwa ushahidi.

Dar es Salaam, pale Temeke, pana kituo jumuishi cha mahakama kwa mashauri ya familia. Sisi wa Ziwa hatuombi jengo leo. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kitatosha kuanzia.

Shule zinafungwa mwezi ujao. Binti atavuka na shangazi yake, kwa kivuko kama kawaida. Nimemtumia wifi ujumbe kwamba safari hii mtoto ashuke alivyopanda, na kwamba nimenunua ushungi mmoja, wa bluu, utakaa hapa kwangu kwenye kabati lake asihitaji kuubeba. Baba yake nimemwambia pia. Amejibu "sawa", neno moja, la kwanza tangu Agosti. Kuhusu mvulana bado hajasema lolote, na ndiyo maana nasubiri jibu lenu.

Wenu mtiifu,

Mama wa wawili,
Mwaloni, Kirumba